Jiwe Jeupe Nyuma ya Mstari

Nyumba za Walimu,
Jumapili, baada ya mvua.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba hata mtu akija kugombana, kwanza asalimie, kwa hiyo pokea shikamoo yangu kwa mikono miwili. Huku sisi wazima, koo tu linanikwaruza kwa kupiga kelele uwanjani, na hilo ni urithi wako. Goti la kushoto linaendeleaje? Kaka aliniambia daktari amekukataza ngazi, nawe ukazipanda siku ileile ili uone kama anasema kweli. Msalimie sana, msalimie na wifi, na wajukuu zako waambie shangazi yao hajawasahau; zile raba walizoniagiza natafuta za saizi yao.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu utanikatiza. Utanguruma, nami nitanguruma, wifi atakunyang'anya simu kwa ajili ya presha yako, na mwisho wa yote hakuna litakaloeleweka. Barua huwezi kuikatiza. Hata ukiitupa chini katikati, nakujua, utaiokota.

Najua habari zimeshakufikia, maana wanafunzi wako wa zamani wamejaa kila mahali na midomo yao haina breki. Umeambiwa nimemzibia riziki mtoto wa watu. Umeambiwa nimemfukuza shuleni mgeni wa chama cha riadha. Na umeambiwa, hili ndilo lililoniuma, kwamba nimefanya yote hayo kwa wivu, kwa sababu binti wa miaka kumi na tano ameivunja rekodi yangu ya mita mia nane iliyokaa kwenye ubao wa ofisi miaka ishirini na miwili. Sasa sikia kutoka kwangu mwenyewe, kisha uamue kama ulizaa mchawi.

Binti huyo tunamwita Tikisa. Wenzake walimbandika jina hilo kwa sababu akiruka juu lazima auguse ufito. Ufito unatikisika, watu wanashika vichwa, halafu haudondoki. Mama yake ni fundi cherehani, kibanda chake kiko mkabala na geti la shule, na anamlea peke yake. Tikisa alikuja kwangu akiwa na miaka kumi na mmoja, mwembamba, mbishi, anataka kujua sababu ya kila kitu. Nikamtia kwenye kikosi changu cha michezo saba.

Kikosi hicho hujawahi kukipenda. Ulisema michezo saba ni ya watu wasiojua wanachotaka. Lakini hebu tazama kazi yenyewe, baba. Siku ya kwanza viunzi, kuruka juu, tufe na mita mia mbili. Siku ya pili kuruka chini, mkuki, na mwisho kabisa mita mia nane, wakati miguu imeshaomba msamaha. Kila mchezo una alama zake, na zinajumlishwa. Mtoto aliyeboronga tufe asubuhi anajua bado ana mbio za jioni, kwa hiyo watoto hawalii ovyo, na hawachekani, maana kila mmoja ana mchezo wake wa aibu. Sheria yangu ni moja: Jumatatu kila mtu anafanya kile anachokichukia. Tikisa anachukia tufe. Mwaka wa kwanza alikuwa analibeba kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani anayelia, na likienda mita nne tunashukuru. Sasa linafika mita kumi. Wala hakuna mtoto wangu wa chini ya miaka kumi na sita anayeambiwa wewe ni wa mbio fulani basi. Akishakomaa mifupa atachagua mwenyewe.

Kwenye mita mia nne na mia nane watoto wangu hawaanzii kwenye mstari wako, ule uliouchora mwenyewe ulipokuwa mwalimu wa michezo hapa. Wanaanzia kwenye jiwe langu. Unalikumbuka, ulipotutembelea miaka mitatu iliyopita uliliona, jiwe lililopakwa chokaa, hatua ishirini na kitu nyuma ya mstari, na jingine dogo katikati ya njia, ukaniuliza yana kazi gani. Nilikujibu ni ya kuwakomaza watoto, wakizoea kukimbia zaidi, siku ya mashindano wataona wepesi. Ukanipiga bega ukasema mtoto wa nyoka ni nyoka. Liweke jiwe hilo akilini, nitalirudia.

Mwezi uliopita Katibu wa chama alikuja bila taarifa. Mimi sikuwepo, nilikuwa nimempeleka zahanati mtoto aliyechanwa na msumari wa kiatu. Mwalimu mkuu, kwa furaha ya kumwona mgeni, akaishika filimbi mwenyewe na kuwapanga wasichana kwa mita mia nane. Wakamwambia Mwalimu wetu huwa anatuanzishia kwenye jiwe. Akawaambia leo tunakimbia kwa ajili ya mgeni, si kwa adhabu, na akawaweka kwenye mstari. Tikisa akakimbia dakika mbili na sekunde tisa kamili. Rekodi yangu ilikuwa mbili, tisa, nukta nne.

Niliporudi nilikuta shule nzima uwanjani, watoto wanarukaruka, mpishi amekuja na mwiko wake mkononi, na mwalimu mkuu amepanda kiti ofisini, brashi iko tayari, anasubiri tu nije nishuhudie jina langu likipakwa rangi. Mtu pekee ambaye hakufurahi alikuwa mimi. Uso wangu huo ulionekana, na maneno ya wivu yalianzia hapo.

Kesho yake tukaitwa ofisini: mimi, Tikisa na mama yake. Katibu ni mtu msafi, anayevaa saa ya kupimia mbio shingoni hata ndani ya ofisi, kama wengine wanavyovaa tai. Alikuwa na fomu. Tikisa angeingia kambini baada ya wiki tatu, angesoma hukohuko, angelala na kula hukohuko, viatu juu yao. Sharti ni kwamba kuanzia siku hiyo angekuwa wa mita mia nane peke yake. Hakuna kuruka, hakuna kurusha. Nikasema wiki tano zijazo kuna mashindano ya vijana ya michezo saba, na mtoto huyu ameyaandaa kwa miaka minne. Katibu akacheka kidogo akasema mshika mbili moja humponyoka, sembuse saba. Mwalimu mkuu naye akacheka, kwa sababu mgeni amecheka.

Fomu ilitaka sahihi ya mzazi na sahihi ya kocha. Nikasema yangu haipatikani. Nikaeleza mambo ya mifupa, ya magoti, ya umri. Walinisikiliza kama mtu anavyosikiliza mvua ya bati, akisubiri ipite. Ndipo nikamuuliza Katibu swali moja: mtoto akifika kambini asiufikie tena huo muda wake, itakuwaje. Akajibu kwamba kambi si mahali pa kulelea watoto. Wa namna hiyo hurudishwa nyumbani ndani ya miezi miwili, maana muda wao umeshaonyesha kwamba miguu wanayo. Kinachowapungukia, akasema, ni moyo.

Baba, wewe unajua nilivyosikia neno hilo.

Mama Tikisa akanigeukia. Mwanamke huyo amenishonea magauni yangu yote, anajua kiuno changu kuliko mimi. Akaniuliza mbele ya wote kama ni kweli haya wanayosema, kwamba namwonea wivu mwanawe. Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kwa woga, kwa sababu kama si wivu, basi kulikuwa na jambo kubwa kuliko wivu. Tikisa alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Alifungua mdomo mara moja tu, akauliza kama kambini kuna mkuki. Katibu akaisogeza fomu karibu na mama yake.

Nikainuka, nikaenda chumba cha walimu, nikafungua droo yangu ya chini na kurudi na utepe wa kupimia. Sasa, baba, kama umesimama, kaa.

Ni ule utepe wako wa kitambaa wa mita hamsini, wenye mkoba wa ngozi. Niliukuta miaka kumi na miwili iliyopita, mwaka wangu wa kwanza kufundisha hapa, kwenye stoo, nilipokwenda kutafuta vigingi. Ncha yake ilikuwa imekatika. Ile pete ya shaba ya mwanzoni ilikuwa imefungwa upya kwa uzi, na imefungwa kwenye alama ya mita moja. Mita ya kwanza haipo. Fundo ni lako, nalijua hata gizani, ni lile ulilokuwa unafungia kamba za viatu vyangu ili zisifunguke njiani. Nadhani ulilifunga kwa haraka siku moja, ukasema nitakumbuka kutoa moja, kisha ukaja mwaka wa kuchora uwanja, na hukukumbuka.

Niliupima uwanja wako siku ileile, kwa utepe mzima niliouazima kwa mafundi wa barabara. Pale kwenye kona ulizungusha duara likiwa limepungua mita moja toka katikati. Kila upande ulionyooka ulilaza utepe mara mbili, na kila mara ukapoteza mita. Ukijumlisha yote, mzunguko wa Uwanja wa Mzee Filimbi hauna mita mia nne. Una mia tatu na tisini, na kidogo kasoro. Anayekimbia mia nane pale, amepungukiwa mita ishirini na nusu.

Ndiyo maana watoto wetu walikuwa moto nyumbani na maji ugenini, miaka yote ile. Wewe ukisema ni ugeni.

Niliumeza ukweli huo. Uwanja una jina lako, baba. Mpaka leo wazazi hapa mtaani wanasimama kukusalimia ukipita, na siku unastaafu watu wazima walilia. Nani angeanza kung'oa vigingi vyako, mwanao? Nikatafuta mawe mawili, nikayapaka chokaa, moja hatua kumi nyuma ya mstari, jingine ishirini, nikayatungia hadithi ya kukomaza watoto. Hayakuwa ya kukomaza mtu. Yalikuwa ya kukufichia aibu. Watu husema njia ya mwongo ni fupi, lakini wewe hukudanganya, ulikosea. Mwongo mwenye jiwe ni mimi, na nimedanganya mpaka wewe mwenyewe, ukiwa umenishika bega.

Basi nikauweka utepe juu ya meza ya mwalimu mkuu. Wa kwanza kuelewa hakuwa Katibu, wala mwalimu mkuu mwenye cheti cha hesabu. Alikuwa mama Tikisa. Aliushika, akaigusa pete, akalipapasa fundo, kisha akasema taratibu kwamba na yeye aliwahi kumharibia bibi harusi gauni zima kwa futi iliyokatika ncha. Unajua imekatika, akasema, unajiambia utaanzia moja, halafu siku moja una kazi nyingi na unasahau. Akaniuliza kama mwanawe alikimbia ule muda au hakuukimbia. Nikamjibu hakuukimbia. Akaikunja fomu mara nne, akaitia kwenye pochi bila sahihi.

Tulitoka kwenda kupima, kwa utepe mzima. Tikisa alishika ncha moja, Katibu mwenyewe akashika nyingine, suruali yake nyeupe ikaingia tope mpaka magotini. Walipomaliza, mwalimu mkuu akanivuta pembeni na kunisihi tulimalize kimyakimya, kwa heshima ya shule na kwa heshima yako. Katibu naye alisema muda umeshapelekwa juu, na hawezi kwenda kuwaeleza wakubwa kwamba alidanganywa na mstari wa chokaa. Tuuache kama ulivyo, mtoto aende, huko mbele atajitetea kwa miguu yake. Nikamwambia siri hiyo nimeilea miaka kumi na miwili na nimechoka kuinyonyesha. Nikaandika barua kwa chama siku ileile, nikaeleza yote, nikaweka jina langu chini. Katibu aliondoka bila kuaga. Mimi nimepewa barua ya onyo kwa kutoheshimu mgeni. Nimeibandika ndani ya mlango wa stoo, juu ya ndoano ya filimbi.

Siku tatu baadaye Tikisa alinifuata akaniomba akimbie toka kwenye jiwe, mama yake akiwa anatazama. Upepo ulikuwa mbaya na asubuhi alikuwa ametoka kurusha tufe. Mbili, kumi na tatu kamili. Alijilaza kwenye nyasi akaniuliza kama huo ni muda mbovu. Nikamwambia kwa umri wake ni muda mzuri sana, na ni wake, hakuna atakayekuja kumnyang'anya. Mama yake alikuwa amesimama na sindano bado zimechomekwa kwenye ukosi. Hakunikumbatia wala nini. Aliniambia tu nipitie kibandani, gauni langu la bluu liko tayari, amelipunguza kiuno kwa sababu nimekonda kwa ujinga. Tikisa yumo kwenye orodha ya michezo saba, na kesho ni Jumatatu yake ya tufe.

Sasa la mwisho, na hili sijamwambia mtu, hata kaka.

Nilipokuwa na miaka kumi na miwili nilikuwa napenda mkuki. Uliutoa mkononi mwangu, ukasema mkuki unaharibu bega la mkimbiaji, na kuanzia hapo nikawa wa mita mia nane. Sikugomba. Nilikuwa nakuona umesimama kwenye mstari na saa yako, unapiga makofi, na makofi yale yalinitosha. Nilipofika kumi na saba ulinipeleka kwenye majaribio ya kitaifa kwa muda wa mbili, tisa, nukta nne. Nilikimbia, nikatolewa mzunguko wa kwanza. Saa zao ziliandika mbili, kumi na mbili, nukta saba. Getini, mbele ya makocha wenzako, ulisema miguu anayo, moyo hana. Kaka alinitania kwa maneno hayo mpaka siku ya harusi yake. Mimi sikuvaa tena viatu vya misumari.

Siku ile ya stoo, nilipomaliza kupima, nilichukua karatasi ya mtihani nikapiga hesabu nyuma yake. Mita ishirini na nusu kwa mwendo wangu ni sekunde tatu na nukta tatu. Ongeza kwenye mbili, tisa, nukta nne, uone unapata nini. Nilikaa juu ya magunia ya chokaa nikalia, na nilikuwa nalia kwa hasira, sitakuficha. Nilikimbia vilevile, baba. Siku ile ugenini nilikimbia kama nilivyokimbia kila jioni mbele yako ukipiga makofi, hata unyayo mmoja sikupunguza. Moyo ulikuwepo. Zilizokosekana ni mita, na mita hizo nilinyimwa na fundo lako.

Nisingekaa kimya nikaona binti mwingine anapelekwa huko kurudishwa na neno hilohilo. Kwa kusema sikuombi msamaha. Wakiniita tena ofisini nitasema tena, na kwa sauti. Nakuomba msamaha kwa ajili ya jiwe, na kwa kuchelewa miaka kumi na miwili, basi.

Jumamosi ya wiki ijayo tunang'oa vigingi vya zamani na kuchora uwanja upya. Utepe mpya umeshapatikana, ncha zote mbili zipo, nimeziangalia mwenyewe. Sijui mtu anayeweza kuzungusha kona kama wewe, na jina la uwanja halibadiliki; nimeshamwambia mwalimu mkuu kwamba atakayelifuta ataanza na mimi. Kaka anaweza kukuleta Ijumaa, hakuna ngazi kwangu. Usipokuja tutachora bila wewe, na kona zitakuwa mbaya, na utazisikia.

Wasalimie wote hapo, mmoja mmoja. Mpe goti pole zangu. Mpishi wa shule anakusalimia, anasema bado anakudai lile sufuria ulilotumia kuchanganyia chokaa.

Ni mimi mwanao,
Mwalimu wa Michezo Saba.

Nilisahau. Kule kwenye ubao wa ofisi jina langu sijalifuta. Nimefuta muda tu. Nimeandika mbili, kumi na mbili, nukta saba, ule wa siku ya getini, kwa sababu ndio niliokimbia kwenye uwanja uliokamilika. Hiyo ndiyo rekodi ya shule, baba. Tikisa hupita kila siku kuitazama, na mpaka leo hajaivunja.